Chupa Niliyorudi Nayo Butembo

Baba yangu alitusomesha kwa maziwa ya papai. Si maziwa ya kunywa. Ni ule utomvu mweupe unaotoka papai bichi likichanjwa asubuhi, unadondokea kitambaa kilichotandazwa chini ya mti, unakaushwa, unauzwa kwa watu wa kiwanda. Huko Mutwanga, chini ya mlima, alichanja mapapai mpaka vidole vikaliwa ngozi. Nikiwa mtoto sikupenda anishike mkono mbele ya wenzangu, maana kiganja chake kilikwaruza. Nilimaliza shule, nikaenda chuo kikuu Butembo, nikabaki hukohuko kufundisha kemia. Hasira zake niliondoka nazo. Nyumbani wanasema sisi wawili ni moto na petroli, ila bado wanabishana nani ni moto.

Sasa angalia maajabu: kazi yangu nayo ikawa ya papai. Kwenye labo yetu ndogo ninachemsha majani ya mpapai, ninayachuja, halafu maji yake ninayachanganya na chumvi ya fedha. Ninasema fedha ya hereni na pete, si fedha ya kununulia sabuni. Mchanganyiko unaanza hauna rangi kubwa, unakuwa manjano, mwisho unafika rangi ya chai isiyo na maziwa. Rangi hiyo ndiyo habari njema. Fedha imegeuka punje, ndogo mno, hata darubini yetu haizioni. Kuziona kunataka mashine ambayo Butembo nzima hakuna, kwa hiyo sisi tunaamini rangi.

Punje hizo tunazitafuta kwa ajili ya utelezi. Kila mtu wa huku anaujua utelezi. Ingiza kidole ndani ya bidoni, dumu la plastiki, iliyokaa na maji muda mrefu, utaugusa ukutani. Sabuni inapita juu yake na kuuacha palepale. Vijidudu vya kidonda navyo vinajijengea utelezi wao, vinajifungia ndani, na dawa ya hospitali inapita juu. Bidoni unatia mchanga na mawe madogo, unatikisa, kwisha. Mguu wa mtu hauwezi kuutia mawe.

Mguu wa baba ulianza na bote mpya, kiatu cha mpira. Wakati huo alikuwa amehamia Beni kwa yaya, dada yangu mkubwa, kwa sababu shambani hakukukalika tena kwa vita. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemkaa mwilini miaka mingi na nyayo zake hazikusikia maumivu. Bote ikamchubua, asijue. Majirani wakaja kumpa pole, na kwetu mtu haendi kwa mgonjwa mikono mitupu: huyu na ndizi, yule na kuku, mwingine na vidonge vya rangi mbili. Vidonge vinafunguliwa, unga unamwagwa juu ya kidonda, baba anasema wasingya, asante ya Kinande chetu, na mgeni anaondoka amefurahi. Kila mgeni na unga wake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walikuja kweli, mwenyeji akaoza mguu.

Yaya aliponieleza kwa simu, tena kwa fahari, kwamba kidonda kinapata dawa kila siku, nilipiga kelele mpaka wanafunzi wakatoka nje.

"Yaya, munafundisha badudu! Bakisha kuzoea dawa yote, tutafanya nini?"

"Mudogo yangu, batu banaleta na roho muzuri. Nibafukuze?"

Nilikata simu, nikawarudishia wanafunzi hasira ambayo haikuwa yao.

Alipolazwa hospitalini Beni, daktari wake aliniruhusu nichukue usaha kidogo kwa kijiti cha pamba. Niliubeba ndani ya termosi yenye barafu, kwenye gari ya kurudi Butembo, nimeupakata kama mtoto. Katika labo nilivipandisha vile vijidudu kwenye sahani, nikaweka juu yake vikaratasi vya dawa, zote tulizokuwa nazo. Vikaota mpaka kwenye ukingo wa kila karatasi. Hakuna hata dawa moja iliyovitisha.

Kisha nikaviacha vijenge utelezi ndani ya mirija miwili ya kioo. Mmoja niliuacha hivyo, wa pili nikautia maji yangu ya rangi ya chai. Siku ya pili nikaipaka yote ile dawa ya zambarau ambayo mama alikuwa akitupaka mdomoni tukiwa wadogo. Rangi hiyo inashika utelezi tu. Mrija wa kwanza ulibaki na pete nene ya zambarau. Wa pili ulisafika kabisa, nikaona vidole vyangu upande wa pili. Haki ya Mungu nilicheza, mimi peke yangu, na koti langu jeupe. Nikampigia yaya simu.

Jibu lake lilinikalisha chini. Daktari alikuwa ameamua kukata mguu, chini ya goti.

Nilifunga chupa ya yale maji ndani ya kipande cha kitenge, nikaitia katika sakoshi, mkoba wangu wa begani, nikapanda gari ya Beni. Sikumwambia mtu. Hata mimi mwenyewe sikujiambia ninaenda kufanya nini nayo.

Nilimkuta baba amekonda, macho yanawaka kwa homa.

"Mama, umefika," akasema. Akiwa na furaha nami ananiita mama, kama baba wengi wa huku wanavyowaita binti zao. "Yaya yako anasema maji yako iliua bale badudu."

"Iliua ndani ya kioo, Papa."

"Badudu ya mguu yangu?"

"Ya mguu yako."

"Donc, basi, ulete."

Sakoshi ilikuwa magotini pangu. Nilimweleza polepole kwamba kioo hakina damu wala figo. Kwamba sijui punje zile zikiingia mwilini zinakwenda wapi, zinaharibu nini. Kwamba hata kwa panya hatujajaribu.

"Ujaribu kwangu. Mimi njo panya yako."

Daktari alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Alisema kwa upole kwamba sumu ya kidonda imeanza kuingia kwenye damu, na mtu wa kungojea jaribio lolote atangojea akiwa kaburini. Kesho asubuhi au basi.

Baba hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Ulisoma na maziwa ya papai yangu. Leo unaninyima maji ya majani yake." Akageukia ukuta. "Wende, madame professeur."

Nilitoka mpaka kwenye bomba la uani, pale wanaochunga wagonjwa wanapooshea masufuria. Nikafungua sakoshi, nikaishika ile chupa. Nilitaka kuimwaga. Nilitaka kurudi ndani niimwagie kidonda, liwalo na liwe. Niliogopa kumuua, ndiyo, lakini niliogopa zaidi kwamba kidonda kingekauka kidogo juu, sote tungeimba aleluya, tungechelewa kukata, na chini kungekuwa kunaoza. Nililia kwa hasira, maana ningempa mguu wangu mimi kuliko kumpa kitu nisichokijua.

Yaya alikuja na sufuria ya foufou, ugali wetu wa muhogo, akaona chupa, akauliza kama ndiyo ile.

"Njo ile?"

"Njo ile."

"Na unairudisha Butembo?"

"Ninairudisha."

Aliosha sufuria yake mpaka ikang'aa, akaingia ndani.

Asubuhi baba alitia kidole gumba mwenyewe kwenye karatasi ya kukubali, wakamkata mguu. Alipozinduka aliuliza mguu uko wapi. Hakutaka uchomwe. Alitaka uzikwe shambani kwake, na yaya akaenda nao Mutwanga kwa pick-up, ndani ya kisanduku, akauzika kati ya mipapai. Mimi niliachiwa kupika uji. Baba aliunywa, homa ikashuka, na akawa anazungumza nami kwa kupitia watu: "Muambie madame professeur sukari haiko." Mtu wa ugonjwa wa sukari! Nilicheka chooni, nikalia hukohuko.

Miezi ikapita. Akaletwa Butembo kupimwa mguu wa bandia, na akasema anataka kuona labo. Aliingia kwa magongo, akamsalimia kila mtu isipokuwa mimi, akakaa kwenye kiti changu.

"Bale badudu yangu bangali?" akaniuliza. Yalikuwa maneno ya kwanza aliyoniambia ana kwa ana tangu ile siku.

"Bangali, Papa. Tunabachunga kwa frigo."

Akacheka kidogo. "Eh! Muguu iko Mutwanga, badudu iko Butembo, mimi niko katikati."

Siku hiyo tulikuwa na mirija mipya, imekwisha kupakwa rangi. Nikampa miwili. Akaiinua kuelekea dirishani, ule wenye pete ya zambarau na ule msafi, akaitazama kwa muda mrefu. Vidole vyake vyenye makovu ya maziwa ya papai vilionekana ndani ya kioo.

"Kama ungenitia hii, ningekuwa na mguu?"

"Sijui, Papa."

"Kweli haujue?"

"Kweli. Mpaka leo sijui."

Niliingoja hasira yake. Nilikuwa tayari nimeshaandaa ya kwangu. Lakini aliurudisha mrija msafi mkononi mwangu taratibu, akavifunga vidole vyangu juu yake kwa kile kiganja kinachokwaruza.

"Basi, mama, ujue," akasema. "Ujue mbio. Kule Beni niliacha batu kwa kitanda, bangali na miguu mbili."

Kisha akaomba magongo yake.