Basili na Mwisho wa Picha

Watu wa Haydom walimjua Basili kwa sauti kabla hawajamjua kwa sura. Banda la video la mzee Urban lilikuwa nyuma ya stendi, mabati na mabenchi ya mbao tu, na spika moja ilitundikwa nje juu ya mlango ili wapita njia wasikie kinachoendelea ndani. Sauti iliyotoka pale ilikuwa ya Basili. Picha zilikuwa za Kikorea, za Kihindi, za Kizungu, nyingine hata yeye hakujua zilitoka nchi gani. Alishika maiki akazisema zote kwa Kiswahili: mara yeye ni mama mkwe, mara ni askari, mara ni mtoto aliyepotea sokoni. Kiingereza alikiokota seminari kabla baba yake hajafariki na yeye kurudi kijijini kwao Bashay kulima. Kikorea hakujua hata salamu.

"Uso wa mtu unajieleza," alimwambia Urban alipoulizwa. "Mimi naufuata tu."

Mke wake, Marieta, alikata tiketi. Aliketi kwenye stuli mlangoni, uso barabarani na mgongo kwenye skrini, maana watoto wa stendi walikuwa hodari wa kupenya chini ya turubai. Hivyo picha zote alizisikia, hakuziona.

Jioni ilikuwa zamu ya vijana wa bodaboda, na wao walitaka ngumi na steringi, yule shujaa wa picha asiyekufa. Mchana ulikuwa wa watu wengine. Mabasi yaliteremsha wagonjwa wa hospitali kubwa ya pale kutoka kila upande, na kila mgonjwa alikuja na ndugu wa kumuuguza. Ndugu hao, wakisubiri saa ya kuruhusiwa wodini, walizunguka mjini bila la kufanya, mwisho wakaingia bandani. Basili aliwatazama akaelewa. Mwanamume hawezi kulia mbele ya mgonjwa wake, na barabarani ni aibu. Mle ndani akitokwa na machozi, jirani yake atasema picha imemgusa, basi. Tangu hapo mchana akawa anaweka picha za majonzi: mjane aliyenyang'anywa shamba na mashemeji, ndugu wawili waliotenganishwa na vita, binti aliyemtunza baba asiyemkumbuka jina.

Siku moja aliingia mzee Gidahosh, mfugaji wa Hirbadaw kule Hanang, shuka begani na fimbo mkononi. Kijana wake alikuwa amelazwa. Picha ilimhusu baba mmoja aliyembeba mwanawe mgonjwa mgongoni, akapita milima kutafuta mganga. Gidahosh aliinama mbele mpaka kidevu kikagusa fimbo. Basili aliijua picha ile, alijua mtoto anafia njiani. Baba alipomshusha chini ya mti, Basili akazima deki.

"Jamani, deki imekwama," alisema kwenye maiki. "Lakini hapa palikuwa pamebaki padogo. Mganga anatokea, mtoto anapona, wanarudi nyumbani."

Juma hilohilo kijana wa Gidahosh alifariki. Mzee alipita bandani kuaga kabla ya gari la kubeba mwili kuondoka.

"Shikamoo mzee," Basili alisema. "Pole sana."

"Marahaba. Kijana wangu amekwenda." Akaegemea fimbo yake. "Yule wa kwenye picha alipona, sivyo?"

"Alipona, mzee."

"Basi vizuri. Angalau huyo."

Kuanzia hapo Basili hakuacha mtu afe tena kwenye picha za mchana. Deki ilikwama, umeme ulikatika, kanda iliharibika. Baadaye hakuhitaji hata visingizio. Jeneza likionekana, alisema ni sanduku la safari. Wenye macho waliona, na hakuna aliyembishia.

Kisha Marieta akaanza kushika tumbo. Kwanza alisema ni vidonda, akanywa maziwa. Alikonda mpaka kitenge kikawa kinamzunguka mara mbili. Alipolazwa, daktari alimwita Basili pembeni, akamweleza polepole, kwa heshima, kwamba ugonjwa umeshafika kwenye ini na kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Basili aliitikia kila neno. Aliporudi kitandani akasema, "Wanasema upumzike, dawa itafanya kazi."

Marieta akamtazama usoni, akavuta shuka kifuani.

Kila alasiri Basili alikaa kando ya kitanda. Marieta hakuwa na nguvu ya maongezi, akataka ahadithiwe picha alizozisikia kwa mgongo miaka yote ile. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, Verediana, aligeuka upande wao asikilize. Basili alisimulia bila maiki, kwa sauti ya chini, na kila picha iliishia pale alipozoea kuimalizia.

Siku moja Marieta akasema, "Baba Yusta, yule mama wa stesheni."

Ilikuwa picha ya nchi ya theluji. Mwanamke ambaye mume wake alikwenda migodini, kila treni ya jioni ikiingia yeye yuko pale. Bandani Basili alisema mume alishuka kwenye behewa la mwisho, amezeeka, na mke akamtambua kwa kikohozi.

"Alirudi, nilikuambia," Basili alisema.

"Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni. Niliwaona watu wakitoka. Mtu aliyeona mume amerudi hatoki na uso ule." Alipumzika. "Alirudi kweli?"

Basili alishika chuma cha kitanda. Verediana akajifunika shuka mpaka kichwani, kama aliyelala.

"Hakurudi," alisema. "Mgodi ulimwangukia. Mama alikuja kuambiwa baadaye."

"Akafanyaje?"

"Alikwenda nyumbani akawasha moto. Picha inaishia hapo, anachochea moto."

Marieta alifumba macho, machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni. Basili akayafuta kwa kiganja.

"Sasa niambie alichosema daktari."

Akamwambia. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, Basili alirudia maneno ya mtu mwingine kama yalivyosemwa, bila kuongeza, bila kupunguza. Alipomaliza, mgonjwa ndiye aliyempapasa mkono.

"Nipeleke Bashay," alisema Marieta. "Nikaone vitunguu vikitolewa shambani."

Walimpeleka. Dada yake Marieta, Mectilda, alikuja kusaidia, na Yusta, binti yao anayefundisha shule ya msingi Hirbadaw, alikuwa akija Jumamosi. Wakati wa kuvuna vitunguu swaumu Marieta alitolewa nje, akakalishwa kwenye jua, akatazama majirani wakichimba na kufunga mafungu. Alinusa kichwa kimoja akacheka kwamba sasa hata harufu inamshibisha. Alifariki asubuhi moja Basili akiwa zizini. Mectilda alimwita, na alipofika ndoo ya maziwa ilikuwa bado mkononi mwake. Hakukuwa tena na pumzi ya kusikia.

Baada ya arobaini alirudi Haydom, maana Urban alikuwa ametuma watu mara kadhaa. Siku hiyo Urban alikuwa amepata dokumentari, filamu isiyo na waigizaji, ya wanawake wanaoponda kokoto nchi ya mbali. Mmoja wao, mama mwembamba, anaugua katikati ya kazi, na wenzake wanaendelea kuponda huku wakimgeukia.

Basili alianza vizuri. Alitaja mlima, nyundo, vumbi. Mama alipolazwa kwenye mkeka akasema, "Huyu mnayemwona siyo steringi. Ni mtu." Kisha hakusema tena. Watu waligeuka kumtafuta gizani. Filamu iliendelea kwa lugha yake, mama akafa, akaoshwa, akazikwa, wala hakuna aliyetoka nje. Kwenye stuli ya mlangoni alikaa msichana mgeni aliyeajiriwa na Urban, akichezea simu.

Ilipokwisha, Basili aliweka maiki juu ya deki.

"Umechoka, pumzika hata mwezi," Urban alimsihi.

"Hapana, mzee wangu. Nashukuru. Sitaweza."

Siku hizi yuko Bashay, analima na kufuga. Ameota mvi na amekuwa mtu wa maneno machache. Sokoni wapo wanaomsikia akiulizia bei, wakageuka kutafuta wapi wamewahi kuisikia sauti ile. Yusta humpigia kila jioni. Humwuliza amekula nini, ng'ombe wameshindaje, naye hujibu kimojakimoja. Halafu maswali humwishia Yusta, majibu humwishia baba, na hakuna anayekata simu. Yusta huiacha sikioni akisahihisha madaftari, akimsikia baba yake anahema.