Vitanda Tisa vya Anatoli

Ukifika soko la Bariadi, upande wa vitambaa, uliza fundi Maksi. Utaonyeshwa mwanamke mrefu, mwembamba, anayeshona bila kuinua kichwa, ila atakusalimia kabla hujafungua mdomo. Huyo ni mtoto wa kaka yangu. Jina lake la ubatizo ni Maximiliana, jina refu kuliko daftari nililosomea mimi, kwa hiyo nililikata nikabakiza Maksi, na soko zima likanifuata. Mambo mengi mazuri katika ukoo wetu yameanzia kwangu. Hili baya ninaloliandika leo nalo lilianzia kwangu, lakini tulia, tutalifikia.

Mimi ni Machibya. Shule niliiacha darasa la sita. Niliiacha mimi, haikuniacha yenyewe. Kaka yangu Masunga aliimaliza, akalima pamba Kasoli, akamuoa Eufrasia, wakapata watoto wawili: Maksi, na mdogo wake Anatoli. Kaka alipofariki nikabaki mimi, baba mdogo, kuwa mzee wa ukoo. Cheo kilinikaa vizuri. Siku hiyohiyo nilinunua kofia.

Maksi alianza kushona akiwa na miaka kumi na sita, sare za shule, ili Anatoli asome. Wachumba walikuja. Mmoja alikuwa na ng'ombe wa kutosha, mimi mwenyewe niliwahesabu mara mbili kwa furaha. Maksi akasema, "Baba mdogo, ngoja Anatoli amalize." Anatoli akamaliza, akaenda kujifunza upishi, akapata kazi kwenye kambi za watalii upande wa Lamadi, karibu na mbuga. Mchumba alikuwa ameshaoa.

"Sasa nitakuoza kwa nani?" nilimtania. "Kwa cherehani?"

"Haigombi," alijibu, "na haivai kofia ndani ya nyumba."

Kule kambini ndiko Anatoli alikoshikwa na ugonjwa wa wageni: kubeba begi mgongoni na kwenda mahali ambako huna shamba, huna ndugu, wala huna mgonjwa wa kumtazama. Mwaka juzi, kazi ilipofungwa kwa msimu wa mvua, alikuja nyumbani akasema anakwenda Visiwa vya Komoro. Kutembea tu. Eufrasia aliuliza mara tatu: kutembea kumfuata nani? Maksi hakuuliza kitu. Alichukua turubai la kijani, akashona begi lenye mikanda miwili myekundu, akalijaribu mgongoni kwa mdogo wake pale sokoni watu wakicheka.

Huko Komoro alikuwa akilala hosteli. Hosteli tunayoijua sisi ni ya wanafunzi, lakini hizi ni za wasafiri wa begi: chumba kimoja, vitanda sita au vinane, vingine juu ya vingine, na wewe na mtu usiyemjua jina mnasikilizana mkikoroma. Kila alipofika kwenye hosteli mpya, Anatoli aliweka begi lake juu ya mto, akapiga picha, akamtumia dada yake: "Dada, leo niko hapa." Maksi alinionyesha zote. Nami nikamwambia amuulize kama hakuna kitanda kilichokuja na mke.

Picha zilikuwa tisa. Sita za kisiwa cha Ngazija, mbili za Nzwani, moja ya Mwali. Ya kumi haikuja. Asubuhi moja kule Mwali aliacha begi kitandani, akapanda mashua ya injini pamoja na wageni wengine kwenda kuangalia kasa. Bahari ikachafuka. Watu wawili waliokolewa. Anatoli walimtafuta kwa siku nane, kisha wakaacha.

Eufrasia wakati ule tayari alikuwa mgonjwa wa moyo, miguu imevimba, anapumua kama aliyetoka kupanda mlima. Tulipomaliza kulia, alituita mimi na Maksi.

"Siendi nikamwacha mwanangu majini," alisema. "Mleteni kwanza. Ndipo nitakwenda."

Kumleta mtu wa namna hiyo kuna utaratibu wake katika ukoo wetu. Mtu akifia mbali na mwili usipatikane, ndugu yake wa damu huenda kulala palepale alipolala. Asubuhi huchukua udongo wa mlangoni, huufunga kwenye kitambaa cha pamba, humwita jina mara moja, na kuanza safari ya nyumbani. Tangu hapo hamsalimii mtu wala kumjibu salamu, hata awe nani, mpaka udongo ule ufukiwe. Kwa sisi Wasukuma, ambao tunaweza kumaliza robo saa kwenye salamu peke yake, hilo ni gumu kuliko njaa.

Baba yetu alitufundisha utaratibu huo. Nikisema alitufundisha, namaanisha alimfundisha Masunga. Mimi siku hiyo nilikuwa nimetoroka kwenda Sola kuangalia mashindano ya ngoma. Niliporudi nilikuta somo limekwisha, nikapewa fimbo zangu nikalala. Yale niliyoyajua niliyaokota baadaye, kipande kwa kipande, na sikuwahi kumwambia mtu.

Kwa hiyo jioni ile Maksi alipofungua simu mbele ya ndugu na majirani, akaniuliza, "Baba mdogo, vitanda ni tisa. Nilale kipi?" mimi sikujua.

Ningesema sijui. Lakini nyumba ilikuwa imejaa watu, wote wananitazama, na kofia ilikuwa kichwani.

"Vyote," nikasema. "Vyote tisa, kwa mpangilio aliolala. Ukiruka kimoja, anabaki hapo."

Nilijisikia mtu mkubwa kweli.

Maksi akasema polepole, "Tumpigie shangazi Felisita, Kimali? Yeye ni mkubwa wako."

"Felisita ameolewa Kimali miaka arobaini. Huko anajua mambo ya Kimali." Watu wakacheka, na jambo likaishia hapo.

Ng'ombe wawili wa marehemu kaka waliuzwa, pasipoti ikapatikana, na Maksi, ambaye hajawahi kulala nje ya mkoa wa Simiyu isipokuwa mara moja Mwanza, akapanda basi la Dar es Salaam, na kutoka hapo ndege. Alikwenda na kitenge, rozari, kipande cha pamba nyeupe alichokipinda kingo kwa mkono, na zile picha tisa.

Haya ya huko alinisimulia mwenyewe, baadaye sana.

Hosteli ya kwanza ilikuwa Moroni, mjini. Lugha yao anasema ni kama binamu ya Kiswahili: unamtambua sura lakini hujui amelelewa na nani. Alionyesha picha, akapelekwa kwenye chumba. Kitanda cha Anatoli kilikuwa cha juu. Alipanda ngazi akiwa amejifunga kitenge mara mbili, akalala bila kugeuka, akiogopa kumwangukia binti wa watu aliyelala chini yake. Asubuhi hakuweza kukaa bure katika nyumba ya wenyewe, akatafuta ufagio akafagia uwanja wote. Mwenye hosteli alidhani anaomba kazi.

Ikawa hivyo kila alipokwenda. Vijana wenye kaptula wanaamka wanakuta uwanja umefagiwa na mama mmoja mwenye rozari ameshaondoka. Kwenye hosteli ya tatu alipata homa, akalala siku mbili pasipo mpango. Ya nne ilikuwa imejaa, akangoja siku nzima nje. Ya tano, kitanda chenyewe kilikuwa na msichana wa Kizungu, nguo zake zimetawanyika kila mahali. Maksi hana Kiingereza cha kueleza mambo mazito. Alimwonyesha picha ya begi juu ya mto, akaonyesha kitanda, kisha akaonyesha bahari kwa mkono na kuugeuza kiganja chini. Yule msichana aliangalia, akakusanya nguo zake zote kimya, akatandika shuka upya kwa mikono yake, akaenda kulala sakafuni. Maksi anasema huko ndiko alikolia kwa mara ya kwanza tangu aondoke nyumbani.

Huku nyumbani, mimi kila asubuhi nilikwenda kumwona shemeji. Tulimtoa nje ya nyumba kwenye godoro ili apate hewa.

"Makisi amefika wapi?" aliuliza. Yeye alilitamka hivyo.

"Kitanda cha nne, shemeji."

Kesho yake: "Amefika wapi?"

"Bado cha nne. Kumejaa watu."

Siku ya kumi na moja alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi, na jua lilikuwa limeshapanda.

"Machibya, mbona vitanda vingi hivyo? Baba yake Makisi hakuwahi kunitajia."

"Kaka angekutajia mambo ya ukoo wewe, mgeni wa miaka arobaini tu?" Nilitaka acheke. Alijaribu kucheka, kikohozi kikamzuia.

Pale nilikuwa na nafasi. Simu ilikuwa mfukoni, na Maksi alikuwa bado hajabeba udongo, angepokea. Ningemwambia nenda Mwali moja kwa moja. Nilitoka nje ya ua, nikaishika simu, nikafikiria namna ya kuanza, nikairudisha mfukoni. Nilijiambia huenda vitanda tisa ni sahihi. Nani anajua? Huenda nilikisia vizuri.

Eufrasia alifariki Jumapili saa nne asubuhi. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Vingapi vimebaki?" Kilikuwa kimebaki kimoja.

Hatukumpigia Maksi. Mtu aliye safarini hapewi habari ya msiba kwa simu, na tangu alipochukua udongo alikuwa ameizima kabisa. Tulimngoja kadiri tulivyoweza. Alhamisi mchana mwili ulikuwa hauwezi kungoja tena. Padri alikuwa ameshafika, kaburi limechimbwa, na pembeni yake shimo dogo la Anatoli.

Tulikuwa tumekaa chini ya maturubai, watu wengi, Maksi alipotokea barabarani. Mgongoni alikuwa na begi la kijani lenye mikanda myekundu. Bibi mwenye hosteli ya Mwali alikuwa amelitunza, hakuruhusu mtu alifungue. Kifuani alikuwa ameshika kitambaa cheupe kilichofungwa.

Aliona maturubai. Aliona sufuria kubwa, akaona wanawake wamekaa chini kwenye majamvi. Mtu yeyote angeuliza: nani? Yeye hakuweza kuuliza, kwa kuwa kwetu hakuna neno linalotangulia salamu. Hakuweza kusema hata neno moja, na hakuna aliyeruhusiwa kumwambia. Akapita katikati yetu. Macho yake yalitafuta godoro la mama yake pale nje lilipokuwa likitandikwa, hayakulikuta. Yakanitafuta mimi. Nikainama.

Alikwenda hadi makaburini, nasi tukamfuata. Akaona kaburi kubwa na shimo dogo. Akapiga magoti kwenye lile dogo, akaweka kitambaa, akafukia kwa mikono, taratibu, akasawazisha udongo kama mtu anayenyoosha nguo kabla ya kushona. Alipomaliza akafuta mikono kwenye kitenge, akainuka, akatusalimia wote, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Sauti ilitoka vizuri kabisa. Kisha akasema, "Mayu," yaani mama, akaanguka.

Baada ya mazishi, ndugu wa karibu tulikaa ndani. Dada yangu Felisita alikuwa amefika kutoka Kimali, mzee sana sasa, fimbo mkononi.

"Maksi, mwanangu," aliuliza, "ulichelewa wapi? Kitanda ni kimoja tu, kile cha mwisho. Ungekwenda na kurudi ndani ya wiki. Nani alikutuma kwenye hivyo vingine?"

Niliangalia mikono yangu. Ndugu na majirani walionisikia jioni ile walikuwemo, na wao wakaangalia mikono yao.

"Niliamua mwenyewe, shangazi," Maksi alisema. "Nilitaka kuona alikopita."

Felisita alinitazama kwa muda mrefu. Ananijua tangu zile fimbo za Sola.

Ilinichukua miezi mitatu kwenda pale sokoni. Nilimkuta anashona sare, begi la kijani limening'inia ukutani nyuma yake. Nilikaa kwenye benchi la wateja. Nikaanza, "Maksi, ile habari ya vitanda..."

"Najua, baba mdogo."

"Unajua nini?"

"Nilijua kwenye kile cha tatu, nilipokuwa na homa. Nikakumbuka sura yako ulivyokuwa ukisema." Alikata uzi kwa meno. "Lakini ulisema nikiruka kimoja anabaki hapo. Ningefanya nini? Kama ulikuwa unasema kweli?"

Mashine ikaendelea. Baada ya muda aliniangalia kichwani.

"Kofia iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani."

"Kaivae," akasema. "Jua kali."

Bado iko kwenye msumari nyuma ya mlango. Nimeandika haya ili watoto wa ukoo wetu wayakute mimi nikiwa sipo: kitanda ni kimoja, kile cha mwisho, na mkiwa na shaka mumuulize Maksi. Yeye atawasalimia kwanza.