Idhini ya Marehemu

Mzee Lenard, mwenye steshenari pale Makambako, aliogopa kitu kimoja tu duniani: flashi za watu. Tangu flashi ya kwaya moja kutoka Njombe imletee virusi vilivyomeza kazi zake zote, aliweka mfumo wa Linux kwenye kompyuta ya dukani na kupiga marufuku: mtumiaji wa kawaida hafungui flashi mpaka msimamizi aandike paswedi. Msimamizi alikuwa yeye. Akienda shambani kuchimba viazi, wateja walimsubiri. Akiugua, mashine ilipelekwa kitandani.

Telesia, binti aliyemwajiri, aliomba paswedi hiyo mwaka nenda mwaka rudi. Mzee alimtazama kwa upole, akajibu, "Kamwene." Kwa Wabena hiyo ni salamu, na salamu haiachwi bila kuitikiwa, basi Telesia aliitikia kamwene na kurudi kwenye kiti chake, hasira zimemjaa. Mtu mzima anakwepa swali kwa salamu!

Kisha mzee akafa. Wasifu wake alikuwa ameshauandika mwenyewe, maana hakumwamini mtu, akauhifadhi kwenye flashi. Mchungaji alisema wazi kwamba bila wasifu haanzi ibada. Telesia akaenda dukani, akachomeka flashi, kompyuta ikadai paswedi ya msimamizi. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata yenyewe ilikuwa imelala sebuleni ndani ya jeneza, imevaa suti.

Aliporudi msibani, waliokuwa wakilia wakanyamaza kusikiliza tatizo. Mama Lucia, mjane, ndiye aliyekata shauri.

"Nenda kamuulize. Mimi alikuwa hanijibu, wewe angalau alikuwa anakusalimia."

Mfiwa hakataliwi. Telesia akainama juu ya jeneza mbele ya umati, aibu ikimchoma.

"Baba, paswedi ni nini?"

Kwa mara ya kwanza mzee hakumjibu kamwene, na kuikosa salamu ile ndiko kulikomliza kweli. Katikati ya kilio akaacha kulia ghafla, akakimbilia dukani, akaandika: kamwene.

Flashi ikafunguka. Kabla ya kuchapa chochote, aliingia kwenye mipangilio akaruhusu watumiaji wote wa kawaida wafungue flashi.

Mchungaji akasoma wasifu hadi mstari wa mwisho: "Aliyeniuliza nilimjibu. Sikumficha mtu neno."

Watu wakaguna, mjane akiwa wa kwanza. Telesia pekee ndiye aliyelia, kwa sababu ilikuwa kweli.