Fremu ya Trei ya Wanaume

Fundi Miwani alikuwa na trei mbili za fremu mezani, ya wanaume na ya wanawake, na mdomo wa kumuuzia miwani hata anayeona vizuri. Mkewe alipofariki, mdomo ule ulibaki na kazi dukani tu. Nyumbani hakukuwa na wa kubishana naye. Sasa hata uso wa marehemu ulikuwa umeanza kumpotea, na picha mkewe hakuacha. Kamera aliikimbia kama sindano.

Siku moja akaingia mtafiti wa chuo, binti mwenye kipimo cha chuma mfano wa bikari. Alikuwa anapima nyuso za kabila la kina fundi, wanaume kwa wanawake, aone zinapotofautiana. Wanaume alishawapata. Wanawake walimkwepa.

"Unataka pua za watu na salamu hujawapa," fundi akamwambia. "Nitakuletea wanawake arobaini, wameizoea mikono yangu. Na wewe uniandikie mmoja wangu."

Akatoa kabatini miwani ya marehemu mkewe.

"Mzee wangu, fomu ni ya walio hai. Nikimwandika nitakuwa nimedanganya."

"Punguza kidogo basi."

"Hii haipunguziki. Nitampima kwa fremu, niandike pembeni, karatasi uchukue wewe."

Fundi aliijua bei ya mwisho akiisikia. Akakubali.

Wanawake wakaja.

"Taratibu, binti," mmoja akasema, "pua yenyewe ninayo hii moja."

Siku ya tatu binti akapima upana wa ile fremu penye panja, akaulinganisha na namba za wengine. "Nyuso za wanawake wenu ni nyembamba kuliko za wanaume. Ila huyu angekaa kwa wanaume."

Fundi akakumbuka. Mwaka wao wa kwanza alimvalisha mkewe fremu za kike; kichwa kikamuuma kila siku, naye akimwambia atazoea. Mpaka mwenyewe akanyoosha mkono kwenye trei ya wanaume. "Mume wangu, wewe una trei," akasema, "mimi nina uso."

Binti alipomwachia karatasi yenye namba ile na kuaga, fundi akafunga mlango. Akainua viganja, akavitenga kwa upana wa uso anaoukumbuka, kisha bila kuvisogeza akavishusha juu ya rula. Vilipungukiwa upana wa vidole viwili kuifikia namba ya karatasi.

Akavipanua polepole hadi vikaifikia. Akakaa hivyo kama aliyeushika uso wake, mpaka mikono ikaanza kuchoka.