Nilimwacha dada yangu mlimani Chita, kisha nikasema ni yeye hakunisikia

Admin, jina langu naomba libaki kwako. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nimeolewa, nina mtoto mmoja, naishi Lipangalala hapa Ifakara. Dada yangu amenizidi miaka kumi na miwili. Mama alipofariki nilikuwa darasa la tatu, na yeye ndiye aliyenichukua kutoka Mahenge akanilea nyumbani kwake mpaka naolewa. Nayasema haya ili mjue niliyemkosea ni nani.

Mume wangu ni fundi magari. Alichukua basi dogo kuukuu akaligeuza kuwa nyumba: nyuma kitanda, pembeni jiko la gesi na tangi la maji, mapazia nikashona mimi. Tukapanga kuzunguka bonde letu siku nne tukilala humo humo. Nikamwomba dada aje, maana yeye safari zake zote ni za misiba na shamba. Shemeji, mume wa dada, alisitasita, mwisho akasema, "Basi mtamrudisha kama mlivyomchukua." Usiku wa kwanza tulilala Mngeta. Asubuhi dada alichemsha chai bila kushuka kwenye gari, akawa anacheka peke yake kama msichana.

Siku ya pili tukafika Chita, tukaegesha uani kwa mzee mmoja chini kabisa ya milima. Mume wangu akabaki anahangaika na breki, mimi na dada tukapanda. Mzee alituonyesha njia ya watu wa kuni, akasema tusiiache hatutapotea. Tulipanda kwa muda wa saa mbili hivi, dada akaanza kulalamika goti. Mimi nilikuwa nimeshaona jiwe kubwa juu, nikajua pale mtandao unashika na bonde lote linaonekana. Nikamwambia, "Dada, kaa hapa hapa, usiondoke. Nusu saa nitakuwa nimerudi." Akajibu, "Nenda mdogo wangu, mimi sina haraka."

Sikurudi baada ya nusu saa. Nilipiga picha, nikazituma, nikawa nasoma watu wanavyonisifia. Mto unaonekana kama uzi, mashamba ya mpunga ya kijani mpaka macho yanaishia. Mawingu yalipofunga na mvua kuanza, nikakutana na akina mama wawili wenye mizigo ya kuni wanashuka kwa njia ya mkato isiyopita pale alipokaa dada. Nikawafuata. Nilimkumbuka dada, siwezi kusema nilimsahau. Nilijiambia tu kwamba kwa mvua ile atakuwa ameshashuka, kwa sababu sikutaka kuzunguka kule nikalowa.

Nilipofika kwenye gari mume wangu aliuliza, "Dada yuko wapi?" Nikajibu, "Nilimwambia atangulie kushuka. Hajafika?" Uongo ulitoka wenyewe, kabla sijaufikiria.

Mzee aliita vijana wa jirani wakapanda na mume wangu. Walimkuta kabla giza halijaingia, kwenye korongo, juu ya pale nilipomwacha. Alikuwa amengoja kwenye mvua mpaka akaingiwa na hofu, akapanda kunitafuta huku akiniita jina, akateleza. Mguu ulivunjika juu ya kifundo. Walimshusha kwa machela ya miti na vitenge. Aliponiona alinishika mkono akasema, "Ashukuriwe Mungu, nilidhani umepotea." Mume wangu akamwuliza kwa upole, "Lakini dada, si uliambiwa ushuke? Mbona ulipanda?" Akanitazama. Mimi nikatazama chini. Akasema, "Labda mimi ndiye sikumsikia vizuri."

Mpaka leo sijui kama alijitilia shaka kweli au alinifichia aibu. Hajawahi kuligusa tena.

Huu ni mwezi wa saba tangu siku ile. Mguu umeunga vibaya, anatembea kwa kuchechemea, kwenye majaruba hawezi tena kusimama kupandikiza mpunga. Shemeji kila mgeni akija anamsimulia jinsi mke wake alivyo mkaidi, mtu mzima asiyesikia anachoambiwa. Amemkataza hata kwenda Mahenge kuona kaburi la mama. Na mimi nakaa pale pale naletewa soda, nasikiliza. Mume wangu naye bado ananisifu jinsi nilivyolia siku ile.

Sasa Jumapili hii baada ya misa shemeji ameita kikao cha ukoo. Anataka dada asimame atuombe radhi mimi na mume wangu kwa usumbufu aliotupa. Dada amekubali. Jana alinipigia akaniuliza, "Mdogo wangu, nikisimama nianzie wapi? Wewe umesoma, nipangie maneno." Nikamwambia nitampangia. Nikakata simu nikajifungia chooni nikalia.

Nikisema ukweli mbele ya ukoo, mume wangu atajua ameishi na mwongo, na shemeji anaweza kunifungia mlango nisimwone tena dada. Nikimwambia dada peke yake, namjua, atanizuia nisiseme, atasimama aombe radhi hivyo hivyo. Ndugu zangu mnaosoma, msinionee huruma. Niambieni tu nianze na nani, na nianze vipi, maana Jumapili ni keshokutwa.