Kisima Kisicho na Ukurasa

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumanne, Huzaifa Mahamudu yuko juu ya ngazi ndani ya maktaba ya shule moja ya sekondari mjini Ruangwa. Mkono wa kushoto umeshika kopo la rangi ya bluu. Mkono wa kulia unapandisha maji ya mto.

Mto huo ameuchora yeye mwenyewe wiki iliyopita, pamoja na daraja lililo juu yake. Maji yanapanda hadi yanafunika tao la kwanza upande wa kushoto, kisha la mwisho upande wa kulia. Anashuka, anarudi nyuma hatua nne, anahesabu kwa kidole.

"Tisa," anasema. "Niliweka kumi na moja, mwalimu akahesabu. Sasa mawili yamezama. Aliyezama hahesabiwi."

Huzaifa, mwenye umri wa miaka 36, ni mchora mabango wa Nachingwea mjini. Saluni, maduka ya pembejeo, vibanda vya chipsi, magari ya kubeba korosho: kwa bango moja hulipwa kati ya shilingi 35,000 na 60,000, na kwa mwezi mzuri hupata mabango saba au manane. Ukuta huu wa Ruangwa ndio kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Ni picha saba, kila moja shilingi 120,000.

Picha zote ni za mahali pasipokuwapo. Zinatoka katika riwaya iitwayo *Nchi ya Ukungu wa Saba*, yenye kurasa 312, inayosomwa na kidato cha pili katika klabu yao ya kusoma. Msichana aitwaye Tunuru anavuka nchi baada ya nchi akimtafuta kaka yake. Anapita Daraja la Matao Tisa, Soko la Vivuli, Msitu wa Chuma, Ghala la Upepo. Wasomaji wa kitabu hicho huwa na ugomvi mmoja usiokwisha: mahali hapo panafananaje?

Huzaifa amekuwa akijibu swali hilo kwa miaka sita, bila kuombwa na mtu, kwenye vipande vya plaiwudi vilivyobaki baada ya kazi za wateja. Kibanda chake cha Nachingwea kina vipande ishirini na vitatu. Bango la duka la simu limeegemea Msitu wa Chuma.

Vivuli vyake haviwi vyeusi wala vya kijivu cha dukani. Vinang'aa, kama sufuria iliyosuguliwa. Hutumia kinywe, madini laini meusi yanayopatikana katika vilima vya Ruangwa, yale yale yanayowekwa ndani ya penseli. Huyasaga kwenye kinu kidogo, huchanganya na gundi ya mbao na maji, kisha hupaka tabaka tatu.

"Wenzangu wanaona ni uchafu wa kukaa kwenye suruali," anasema. "Mimi naona ni ukungu umeletwa mlangoni."

Kuna jambo jingine ambalo wateja wake wengi hawalijui. Mtu huyu anayeandika majina ya maduka ya mji mzima husoma kwa shida. Aliacha shule akiwa darasa la tano. Mteja humletea karatasi, naye huifuata.

"Herufi kwangu ni maumbo. Najua tumbo la B linaanzia wapi. Lakini mstari mzima wa kitabu, hapo nakwenda taratibu."

Kitabu alisomewa. Mwaka 2004, nyumbani kwao Naipingo, dada yake Asmaa aliazima riwaya hiyo kwa rafiki na hakuirudisha. Kila alasiri baada ya shamba, familia ilikaa kubangua korosho zilizochomwa, vidole vikiwa vyeusi kwa mafuta ya maganda. Asmaa peke yake ndiye aliyeondolewa kwenye kubangua, kwa sharti kwamba asome. Alisoma kwa Kiswahili, na palipomshinda bibi yao, Asmaa akamweleza kwa Kimwera. Huzaifa alikuwa na miaka kumi na mitano. Picha zote anazochora leo alianza kuziona alasiri zile.

Mwalimu Nicholaus, anayefundisha Kiswahili na ndiye aliyeomba ukuta huo, si mtu wa kukisia. Ameisoma riwaya mara tatu. Aliweka sharti moja: chini ya kila picha iandikwe namba ya ukurasa, ili mwanafunzi aweze kufungua na kulinganisha.

Katika Ghala la Upepo, Huzaifa alichora pepo zimefungwa kwenye magunia ya korosho, yakiwa na mihuri ya daraja la kwanza na la pili. Mwalimu alifungua kitabu.

"Kinasema magunia. Hakisemi ya nini," alisema. "Kisichokatazwa na ukurasa ni cha mchoraji. Tuendelee."

Katika Soko la Vivuli alikuta harusi.

"Fundi, harusi hii sijaisoma."

"Mwalimu, soko gani lisilopitiwa na harusi?"

Harusi ikabaki. Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, picha sita zilikuwa zimepita. Ikabaki ya saba, iliyo kubwa kuliko zote, kwenye ukuta unaotazama mlango. Ilikuwa Kisima cha Mluzi. Katika kisima hicho, kama Huzaifa anavyoeleza, mtu huinama na kutaja jina la ndugu yake aliyepotea, na ndugu humjibu kutoka chini kwa kupiga mluzi. Aliichora kwa siku tano. Ni mahali anapopapenda kuliko pengine pote katika kitabu.

"Nipe ukurasa, fundi."

"Siujui, mwalimu. Lakini kipo."

"Hakipo."

"Basi kitabu chako kimechomoka kurasa."

Walikaa mezani wakahesabu. Kurasa zote 312 zilikuwapo. Mwalimu akamwambia maktaba itafunguliwa Ijumaa saa nne, na kwamba picha isiyo na ukurasa haitapokelewa. Shule nyingine, ya Nachingwea, imesema itaamua juu ya kazi kama hiyo baada ya kuuona ukuta huu.

Jumatano asubuhi Huzaifa alipanda pikipiki kwenda Mandawa, anakoishi Asmaa tangu alipoolewa. Alimkuta uani akipepeta ufuta.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekuja na nini, au umekuja kula tu?"

"Nataka namba ya ukurasa. Wa Kisima cha Mluzi."

Asmaa, mwenye miaka 44, aliweka ungo chini. Kisha akacheka hadi akashika ubavu.

"We Huzaifa! Miaka yote hii hujawahi kukifungua kile kitabu mwenyewe?"

"Si ulikuwa unasoma wewe."

"Nilikuwa nasoma, na nilikuwa naongeza. Bibi akisinzia, naongeza simba. Mkichoka kubangua, naongeza harusi."

"Harusi ya sokoni haimo?"

"Haimo."

"Na yule mbuzi anayesema?"

"Mbuzi yumo. Huyo ni wa kwao wenyewe."

Alikwenda ndani akarudi na kitabu. Jalada la mbele halipo. Kingo za kurasa zina alama za vidole vyeusi. Alikifungua bila kutafuta sana, akampa, akasema: "Mia moja arobaini na nane. Soma."

Huzaifa alisoma kwa kidole. Ukurasa mmoja na nusu ulimchukua dakika ishirini na tano, na Asmaa hakumsaidia neno lolote. Ukurasa huo hauna kisima. Unaeleza Kilima cha Majina, mahali Tunuru anapopitia makaburi yasiyo na maandishi. Kwa desturi ya nchi hiyo, aliyezikwa pale hatajwi tena kwa jina lake. Anayemtaja hulazimika kuondoka kwa njia nyingine, si ile aliyojia.

Mama yao, Mwanawetu, alifariki dunia Oktoba 2004. Asmaa alifika ukurasa wa 148 siku ya kumi na moja baada ya maziko.

"Niliona maneno yanakuja," anasema. "Bibi yupo, wewe upo, mmekaa na mikono myeusi mnanisubiri. Ningesomaje kwamba mtu asitajwe tena? Nikatazama karatasi nikachimba kisima."

Mluzi nao haukutoka mbali. Mwanawetu hakuwa na sauti kubwa. Aliugua koo tangu usichana. Watoto wakiwa shambani aliwaita kwa kutia vidole viwili mdomoni. Majirani walimsema kwamba mwanamke hapigi mluzi. Aliendelea kupiga.

Huzaifa alikaa na kitabu mapajani.

"Kwa hiyo nimechora uongo?"

"Umechora nilichosoma."

"Hukusoma."

"Basi umechora nilichosema. Kaa ule, ugali unapoa."

Alhamisi saa moja asubuhi alimweleza mwalimu yote. Nicholaus alimpa pole ya mama, ingawa ni miaka mingi. Kisha akasema ukuta umeandikwa juu kwamba ni picha za kitabu, na mwanafunzi atakayeikosa kitabuni picha moja ya ukutani hataziamini nyingine sita. Akapendekeza kisima kihamishiwe nje, kwenye ukuta ulio karibu na simtanki la maji.

"Pale kitakuwa bango la maji," Huzaifa alijibu.

Hakubishana zaidi. Alisaga kinywe kiasi cha mabakuli mawili. Kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja jioni alipaka kilima juu ya picha yake mwenyewe: kwanza mgongo wa kilima, kisha makaburi, safu kwa safu, kila moja likiwa na uso wa kijivu usioandikwa kitu. Lusia, mkutubi wa shule, alikuwa akipanga vitabu mezani. Anasema fundi alisimama mara moja tu, akauliza kama kuna nakala nyingine ya kitabu, akasoma tena mistari michache kwa kidole, akarudi kwenye ngazi.

Sehemu moja hakuipaka. Kati ya safu ya tatu na ya nne aliacha duara la rangi ya zamani, upana wa sahani ya kulia. Ni mdomo wa kisima. Chini ya picha akaandika 148.

Ijumaa saa tatu asubuhi mwalimu alisimama mbele ya ukuta na kitabu kikiwa wazi mkononi.

"Kilima, sawa. Makaburi hayana majina, sawa. Njia mbili, sawa. Na hiki?"

"Kisima."

"Ukurasa hausemi kipo."

"Unasema hakipo?"

Nicholaus aliusoma tena kuanzia mstari wa kwanza, akiwa amesimama. Ilimchukua dakika nne. Huzaifa alikuwa akifuta brashi ambayo tayari ilikuwa safi.

"Hausemi," mwalimu alisema, na akaweka alama ya vema kwenye orodha yake.

Kabla ya kukusanya makopo, Huzaifa alimwomba Lusia amwazime nakala moja aende nayo Nachingwea. Anataka kuanza ukurasa wa kwanza, mwenyewe. Kibandani ana vipande vya plaiwudi ishirini na vitatu, na hajui ni vingapi vimo kitabuni.

"Nataka nione dada alichimba wapi kwingine," anasema. "Vile vya kitabu nitaviwekea namba. Vile vyake nitaviandika jina lake."

Maktaba ilifunguliwa saa nne kamili. Lusia alikuwa na nakala tisa za riwaya mezani, na zote zilichukuliwa katika robo saa ya kwanza. Hadi saa nane mchana, wanafunzi kumi na mmoja walikuwa wamefungua ukurasa wa 148, wakausoma, na kurudi kusimama mbele ya ukuta. Hakuna aliyekuta kisima. Wawili kati yao walipanda juu ya benchi, wakaweka sikio kwenye duara.