Nilimzuia baba mkwe kwa utepe kwenye training ya mionzi, naye akaja kunizuia kwa kamba

Wakuu, poleni na majukumu.

Hii nimeikalia muda mrefu nikiogopa kuchekwa, ila leo naiweka hapa kama ilivyotokea, siongezi chumvi. Ukiona ni ndefu, vuta kiti.

Mimi ni mtu wa eksirei. Kwetu ni Singida, serikali ikanipanga huku Ruvuma, kituo kimoja cha afya upande wa Ziwa Nyasa. Watumishi tunaoletwa huku tuna ugonjwa mmoja: begi halijafunguliwa, barua ya kuomba uhamisho imeshaandikwa. Na mimi yangu nilishaituma.

Halafu nikakutana na Devota. Nesi, Mmatengo wa Mbinga kule milimani. Ukimdanganya hasemi kitu, anakuangalia tu mpaka unajirekebisha mwenyewe. Begi likafunguliwa.

Shida ikawa baba yake, Mzee Ndunguru, mkulima wa kahawa. Hakuwahi kuniona hata siku moja, lakini barua ya posa alikataa kuipokea. Sababu aliyoitoa: watu wa eksirei wamekaushwa na mionzi, hawazai. Devota alimweleza mpaka akachoka. Mzee akasema hana ugomvi na mtu, anataka wajukuu tu.

Basi, ikaja training ya usalama wa mionzi na kujiandaa na dharura. Tulikuwa watu wa eksirei, manesi, zimamoto na askari wachache.

Darasani tulikaririshwa mambo matatu: muda, umbali na kinga. Usikae muda mrefu na chanzo cha mionzi, kaa mbali nacho, weka kitu kizito katikati yenu. Mkufunzi wetu, mama mmoja mfupi asiyecheka, alitukaririsha hayo kama watoto wa komunyo ya kwanza.

Practical ikapelekwa Lituhi. Tuliambiwa tuchukulie kwamba lori la makaa ya mawe kutoka Ngaka limepinduka, ndani kuna kifaa cha kupimia chenye chanzo cha mionzi, na boksi lake limepasuka. Kijiji kilitangaziwa tangu jana yake kuwa ni mazoezi.

Devota akapangiwa kuwa majeruhi aliyezimia, alale chini karibu na lori. Mimi nikavalishwa suti nyeupe kuanzia utosini hadi nyayo, barakoa na miwani, nikapewa zamu ya kulinda utepe uliozungushiwa eneo la lori. Mtu yeyote akivuka, nimefeli.

Wakuu, huku hakuna kazi ngumu kama kumwambia mtu asimsogelee mgonjwa. Mtu akianguka wanakuja wote, anayebeba, anayepepea, anayetoa pole. Mama mmoja alifika na uji. Nikamkumbusha kuwa ni mazoezi. Akasema anajua, lakini binti wa watu hata kama anaigiza, njaa haiigizwi.

Ndipo nikamwona mzee anakuja mbio kutoka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kikapu cha usipa mkononi, wale dagaa wa ziwa letu. Alikuwa ameteremka asubuhi ile kununua samaki, tangazo hakulisikia. Mtu kamwambia tu kwamba Devota yuko chini pale, lori limepinduka.

Nilimtambua kwa picha ya kwenye simu ya Devota. Mzee Ndunguru mwenyewe.

Nikimwacha avuke, nimefeli. Nikimzuia kwa nguvu, mke sina. Nikamwambia, baba, haya ni mazoezi. Hakunisikia hata kidogo, maana macho yake yalishamwona mtoto wake kalala kwenye vumbi. Mkono ulishashika utepe. Uso wake ule sitausahau, na hapo hapo niliacha kumwona kama mkwe mkorofi. Alikuwa anaogopa kweli kweli.

Ya darasani yote yalinitoka kichwani. Nikajikuta nimeinama, nasema kwa sauti yote:

"Shikamoo, baba."

Akasimama. "Marahaba," akajibu.

Huku mtu mzima haipiti shikamoo bila kuiitikia, hata nyumba ikiwa inaungua. Nikaunganisha palepale: habari za nyumbani, za kahawa, za safari. Anajibu huku anahema. Salamu hazijaisha, majeruhi wetu aliyezimia akainua kichwa.

"Baba, mimi mzima, tunafanya mazoezi tu." Kisha akazimia tena.

Mkufunzi akaandika kitu.

Mzee alikaa chini, anacheka na machozi yanamtoka. Ili asije akabadili mawazo, nikampa ncha ya utepe ashike. Kumbe nimejipatia askari. Mama wa uji alirudishwa. Mtendaji wa kijiji alirudishwa. Mkufunzi mwenyewe alipotaka kuvuka akakague, aliulizwa, "Mama, suti yako iko wapi?" Akaenda kuvaa.

Katikati ya ulinzi mzee akanigeukia.

"Kijana, hii mionzi kweli inakausha watu?"

Nikamweleza yale matatu, na kile kibeji tunachovaa kifuani kinachopima mionzi tunayopata kazini. Nikamwambia anayefuata taratibu anazaa kama watu wengine.

Akatikisa kichwa. "Kuna mmoja wa eksirei anamtaka huyu binti yangu. Nimemkatalia."

"Mfikirie, baba," nikasema ndani ya barakoa. Jasho lilishafika kwenye buti.

Baada ya muda Devota akaleta habari: baba amekubali nije kujitambulisha. Nikaenda na mshenga wangu, dereva wa ambulansi, mtu wa maneno mengi.

Kufika, tukakuta kamba ya katani imefungwa kukatiza njia ya kuingilia uani. Mzee kasimama upande wa pili, mikono nyuma.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Alitega sikio.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Devota aliniambia ni wewe. Nilitaka niisikie hiyo sauti kwa masikio yangu."

Mshenga akaanza hotuba, mzee akamnyamazisha kwa mkono.

"Yale matatu uliyonifundisha nimeyaelewa. Habari ya kuzaa sina neno tena. Na nikuambie ukweli, shida yangu haikuwa hiyo. Nyie watumishi mnakuja, mnaoa, mnahamishwa, mnaondoka na watoto wetu. Siku ile mtoto wangu alikuwa pale mbele yangu, nazuiwa kumfikia, nikaona nakufa. Je, akiwa Singida? Kwenye mionzi yenu umbali ni usalama. Kwangu mimi umbali ndio ugonjwa."

Nikamwambia ombi langu la uhamisho nakwenda kulifuta. Sikuwa nimepanga, lilinitoka tu, na lilipotoka nikaona ni kweli.

Mzee akainua kamba, akaishikilia juu mpaka tukapita wote. Ndipo akaitikia.

"Marahaba."

Uhamisho niliufuta. Devota ni mke wangu, na kwa wale wenye wasiwasi na eksirei, mjukuu yupo, anatambaa. Practical nilifaulu. Aliyefeli ni majeruhi, kwa kuongea akiwa amezimia.

Nilichojifunza: mtu mwenye hofu hazuiwi na utepe. Msalimie kwanza, halafu mpe kitu cha kushika.

Kimebaki kitu kimoja, na ndiyo sababu ya uzi huu. Mama yangu yuko Singida. Kila nikipiga simu anauliza uhamisho umefikia wapi, namjibu mtandao unasumbua. Siku hizi najua anaogopa nini, nimeshauona uso wa hofu hiyo.

Aliyewahi kumwambia mama yake kwamba harudi, alianzaje? Mimi najua nitaanza na shikamoo. Baada ya hapo sina neno.